Impreza imeshushwa, sasa inasumbua: dalili, chanzo na kipi cha kununua

Mwenye Impreza iliyoshushwa akiniletea gari, neno lake la kwanza ni moja: "Imekuwa ngumu." Nikikaa nayo barabarani dakika kumi nakuta ugonjwa tofauti kabisa na wa mwenzake aliyekuja wiki iliyopita na neno lile lile. Mmoja springi zake zinafika mwisho. Mwingine shokapu zimekufa. Wa tatu bushi, yaani raba za kwenye viungo, zilikazwa gari likiwa juu ya jeki na sasa zinavutana. Wote watatu wameshaambiwa na mtu kwamba dawa ni koilova, yaani shokapu na springi zilizounganishwa ambazo kimo chake kinarekebishika, na wawili kati yao koilova haitawasaidia chochote.

Gari ninalolizungumzia ni Subaru Impreza WRX na STI za bodi ya GD, zilizotoka kuanzia 2000 hadi 2007. Ndizo zilizojaa Dar na Nairobi, na ndizo nilizozifungua kwa mikono yangu. Mbele zina mpangilio wa MacPherson, ambapo shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia tairi lisimame wima. Nyuma pia ni shokapu ya kusimama, na tairi linashikwa na vyuma viwili vya pembeni na kimoja kinachoelekea mbele. Toleo lililofuata lilibadilishwa nyuma kabisa, kwa hiyo ninachosema kuhusu nyuma usikihamishie huko.

Kabla hujagusa spana, pima

Paki mahali tambarare, tangi likiwa nusu, matairi yakiwa na upepo sawa. Lisukume gari mbele na nyuma mita chache ili matairi yajilegeze. Halafu chukua futi na upime kutoka katikati ya habu ya tairi kwenda juu hadi ukingo wa fenda, matairi yote manne, uandike. Usipime pengo kati ya tairi na fenda. Kwenye GD fenda za mbele na za nyuma hazijakatwa kwa umbo moja, na pengo linadanganya: gari linaweza kuonekana limekaa nyuma kama limebeba mifuko ya saruji kumbe limeshuka sawa. Watu wengi wamebadilisha springi nzima za nyuma kwa ajili ya jambo ambalo ni la macho tu.

Namba hizo nne ndizo zitakazokuambia baadaye kama springi imelala, kama bushi inavuta, au kama fundi amefunga koilova kushoto na kulia kwa urefu tofauti.

Linagonga na kudunda juu ya rasta na matuta

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Chukua kitai cha plastiki, vile vya kufungia nyaya, ukifunge kwenye mkono unaong'aa wa shokapu ya mbele, kiwe kimebana kiasi cha kuteleza kwa nguvu. Kisukume hadi kiguse mwili wa shokapu. Endesha njia yako ya kila siku, siyo kwa mbio: matuta mawili matatu, rasta, ile sehemu mbovu unayoijua. Rudi, inua kava la vumbi, uangalie kitai kimesukumwa hadi wapi. Ile nafasi iliyobaki kati ya kitai na stopa, yaani raba inayokaa juu kwenye mkono wa shokapu, ndiyo akiba yako. Kama kitai kimepandishwa hadi kwenye raba na raba ina alama ya kubanwa, shokapu yako inafika mwisho kila siku. Unachokiita "springi ngumu" ni bodi inayokaa juu ya raba.

Kipimo hiki kinafaa kwa shokapu za WRX za kawaida. STI nyingi za GD zina shokapu zilizogeuzwa juu chini. Kile chuma kinene kinachong'aa ni mwili wa shokapu wenyewe ukiingia ndani ya ganda lake, kwa hiyo usitafute mkono mwembamba, na stopa hutaiona kwa nje. Kwa hizo, sikiliza. Pigo la kufika mwisho ni moja, zito, linalosikika hadi sakafuni, tofauti na kelele za kugongagonga ambazo nitazieleza mbele.

Kwa nini linafika mwisho? Tuseme shokapu ya kiwanda ilikuwa na nafasi ya milimita 90 ya kushuka kabla ya kugusa stopa. Umefunga springi fupi zilizoshusha gari milimita 30. Umebakiwa na milimita 60. Springi inameza pigo la tuta kwa kiasi kinachotegemea ugumu wake mara nafasi mara nafasi tena. Kwa hiyo ili milimita 60 zimeze pigo lile lile lililomezwa na 90, springi inatakiwa iwe ngumu mara 2.25 (90 mara 90, gawanya kwa 60 mara 60). Springi fupi zinazouzwa kwa ajili ya shokapu za kiwanda haziongezwi ugumu kiasi hicho hata kidogo, maana zingeongezwa hivyo shokapu ya kiwanda isingeweza kuzituliza. Matokeo ni gari lililo chini, lenye springi ngumu kidogo, linalomalizia kazi yake kwenye raba.

Hicho ndicho kilichonipata mara ya kwanza niliposhusha yangu. Springi mpya nzuri, shokapu zile zile zilizokuja na gari kutoka Japani. Baada ya miezi michache shokapu ya mbele kulia ikaanza kutoa mafuta, na nilipoifungua stopa ilikuwa imevunjika vipande, imebaki pete tu. Fundi aliyenifungia hakuwa amekosea kufunga. Mimi ndiye niliyeagiza kimo bila kuuliza nafasi.

Tiba inategemea umeshuka kiasi gani. Kama umeshuka milimita 20 au chini yake, na shokapu bado nzima, stopa fupi na laini zaidi zinaweza kukutosha, na usiikate ya zamani kwa kisu ukadhani umepata hiyo: stopa imetengenezwa ianze kulainisha pigo kwa ncha yake nyembamba, na hiyo ncha ndiyo unayoitupa. Ukishuka zaidi ya hapo unahitaji shokapu yenye mwili mfupi, iliyotengenezwa pamoja na springi yake. Hizo huuzwa kama seti za shokapu na springi, au kama koilova. Kwa barabara zetu, maoni yangu ni kwamba milimita 25 hadi 30 chini ya kimo cha kiwanda ndiyo mwisho kwa gari linalopelekwa kazini na kurudi. Watu hunijibu kwamba Impreza ni gari la rali. Ni kweli, na dereva Colin McRae alishinda nayo Safari Rally ya Kenya 1997, Richard Burns naye 2000. Lakini magari hayo yaliandaliwa kwa Safari kwa kuinuliwa, yakapewa springi zenye nafasi ndefu ya kucheza. Waliotangulia kulijua gari hili kwenye ardhi yetu waliongeza nafasi.

Sasa kuna kudunda ambako hakuna uhusiano na kufika mwisho. Ukipita tuta na pua ya gari ikapanda na kushuka mara mbili tatu kabla ya kutulia, shokapu hazina nguvu ya kuituliza springi. Ama zimechoka, ama springi ni ngumu kuliko shokapu. GD changa kabisa ina karibu miaka ishirini. Kama shokapu zake ni za tangu kiwandani, usijadili springi kwanza.

Na kuna aina ya tatu, ambayo huwapata wenye koilova. Gari halifiki mwisho, halidundi mara mbili, lakini linatetemesha kila kokoto na kwenye kona mbovu tairi linaachia ardhi. Hapo springi ni ngumu mno au kitufe cha kurekebishia ugumu wa shokapu kimezungushwa mno. Tufanye hesabu. Kona moja ya mbele ya WRX inabebesha springi takriban kilo 370, ukitoa uzito wa tairi, breki na habu. Springi ya kilo 4 kwa milimita inakandamizwa na uzito huo milimita 92 gari likiwa limesimama. Springi ya kilo 8 kwa milimita inakandamizwa 46 tu. Kule kukandamizwa ndiyo hazina ya tairi kushuka linapokutana na shimo. Mwenye springi za kilo 8 tairi lake likishuka milimita 46 springi imeshalegea yote, hakuna kinachosukuma tairi chini. Kwenye lami ya uwanja wa mashindano hilo halidhuru. Kwenye barabara yenye viraka unakuwa na gari la magurudumu manne linalokanyaga kwa matatu. Pia mwendo wa kupanda na kushuka kwa bodi unatoka kama mara 1.6 kwa sekunde kwenye springi ya 4 hadi mara 2.3 kwenye ya 8, na huo wa pili mwili wa mtu hauuzoei, hasa mgongo wa abiria wa nyuma.

Kuhusu kitufe: watu wakisikia gari linagonga hukaza kitufe. Kwenye koilova nyingi kitufe kimoja hubadilisha zaidi kasi ya shokapu kurudi kuliko kasi ya kushuka. Ukikikaza sana, kwenye rasta zile zilizofuatana sita saba, shokapu inabanwa na rasta ya kwanza, haijawahi kurudi, ya pili inaibana tena, na ikifika ya tano gari limeshakaa juu ya stopa. Dalili yake ni wazi: rasta ya kwanza inapita vizuri, za mwisho zinapiga. Legeza kliki tatu nne, pita tena mahali pale pale kwa mwendo ule ule.

Kelele za "ko ko ko" baada ya kufunga

Kelele usiitafute gari likiwa limesimama kimya. Tafuta ni lini inatokea.

Ikitokea unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, na unasikia kama springi inaruka, "tang!", angalia maunti ya juu, yaani kile kinachofunga shokapu kwenye bodi. Springi inashindwa kuzunguka pamoja na shokapu kwa sababu beringi ya maunti imekufa, au fundi amefunga maunti vipande vikiwa vimepishana. Wengi hununua shokapu mpya na kurudisha maunti za miaka ishirini. Maunti ni kazi ile ile ya kufungua, zibadilishe pamoja.

Ikitokea unaposhuka kutoka kwenye tuta, tairi likining'inia, inua gari kwa jeki tairi liache ardhi, ukamate springi kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza juu na chini, imelegea kwenye kiti chake. Kwenye springi fupi zilizofungwa juu ya shokapu ndefu za kiwanda, hiyo ni kawaida yao mbaya. Kwenye koilova, mara nyingi mtu ameshusha gari kwa kuteremsha pete ya springi badala ya kuzungusha mwili wa shokapu ndani ya mguu wake wa chini. Koilova zenye mguu wa chini unaozunguka zimepewa uwezo huo makusudi: springi inabaki imebanwa kidogo, nafasi ya shokapu haiguswi, na kimo kinabadilika kwa mguu. Ukiteremsha pete unakula nafasi ile ile tuliyoizungumzia. Kwa hiyo funga pete hadi springi isicheze, ongeza milimita chache, kaza pete ya kufungia, kisha tafuta kimo chako kwa mguu.

Wenye STI yenye shokapu za kugeuzwa, kelele ya kugongagonga polepole kwenye viraka vidogo, mwendo wa chini, mara nyingi ni ukavu. Mwili wa shokapu unateleza ndani ya ganda kwenye bushi zenye grisi, na grisi ikikauka au ikaingia vumbi vinaanza kugongana. Shokapu inaweza kuwa nzima kabisa. Inatolewa, boliti ya chini ya ganda inafunguliwa, ya ndani inachomolewa, vyote vinafutwa, vinapakwa grisi mpya nzuri, vinarudishwa. Nimeona seti nzima za STI zikitupwa na kuwekewa koilova za bei rahisi kwa sababu ya kelele hii. Inauma kuona, kwa maana zile zilizotupwa zilikuwa bora.

Kelele kwenye tuta la kukata upande mmoja tu, tairi moja likipanda na lingine likibaki chini, zinaelekea kwenye linki za stabilaiza, ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona. Fungua linki za mbele zote mbili, uzifunge kwa waya zisigonge kitu, endesha taratibu mtaani kwako. Kelele ikipotea umeshaipata.

Bushi zinalia, au gari limekataa kushuka

Gari limetoka gereji, limefungwa springi fupi, lakini limeshuka milimita 10 tu mahali pa 30. Au upande mmoja umebaki juu. Au bushi zinalia "nyii nyii" kwenye kila tuta, na baada ya miezi minne zimechanika. Hii ni ya bushi kukazwa gari likining'inia.

Bushi ya raba ya kiwanda haizunguki kwenye boliti yake. Ukikaza boliti, chuma cha ndani kinashikwa, na raba ndiyo inayojipinda tairi likipanda na kushuka. Ukikaza gari likiwa kwenye jeki, matairi yakining'inia, umeiambia raba kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari chini, raba zote zimeshapindwa kabla hujatoka getini. Zinasukuma gari juu kama springi za ziada, na zinachanika mapema.

Kaza kwa mkono tu gari likiwa juu. Teremsha gari chini, juu ya matairi yake, sukuma mbele na nyuma, bonyeza pembe zote, ndipo ukaze boliti za wishboni (mkono wa chini unaoshika tairi la mbele) na za vyuma vya nyuma kwa nguvu inayotakiwa. Kama huna shimo wala ramp, weka mbao imara chini ya kila tairi upate nafasi ya kupitisha mkono, na usilale chini ya gari lililosimama kwenye jeki peke yake. Fundi akikuambia hii ni kazi ya bure, mwombe kwa heshima aifanye hivyo hivyo.

Linalala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa juu

Dalili hii inawachanganya watu kuliko zote. Umelishusha, springi ni ngumu zaidi, kwa nini linalala? Na kwa nini pua haitaki kuingia kwenye kona?

Gari likiwa limesimama kwa matairi yake, chuchumaa mbele uchungulie wishboni. Inaanzia kwenye boliti za ndani na kuishia kwenye boljointi, kiungo cha duara kilicho karibu na tairi. Inatakiwa ishuke kidogo kuelekea tairi, au angalau ilale sawa. Ukiona inapanda kuelekea tairi, yaani boljointi iko juu kuliko boliti za ndani, umeshuka mno kwa mpangilio huu wa MacPherson.

Bodi ikikata kona inalala kuzunguka nukta fulani ambayo mahali pake panaamuliwa na pembe ya wishboni na ya shokapu. Ukishusha gari milimita 30, uzito unashuka milimita 30. Ile nukta inashuka zaidi ya hapo. Umbali kati ya uzito na nukta unaongezeka, na huo umbali ndio mkono ambao uzito unautumia kulibinua gari. Springi ngumu zinapigana na mkono mrefu zaidi. Juu ya hilo, wishboni ikishapita usawa, tairi la nje likibanwa kwenye kona linaanza kusimama vibaya, linakanyaga kwa ukingo wake wa nje.

Tiba ya kwanza ni bure kwa mwenye koilova: pandisha mbele milimita 10 hadi 15. Wengi wanashangaa gari linavyokuwa jepesi kuingia kwenye kona baada ya kulipandisha. Tiba ya pili ni boljointi zenye shingo ndefu, ambazo hurudisha wishboni kwenye pembe yake huku gari likibaki chini. Whiteline wana seti ya aina hiyo kwa Subaru, ikiwa na ncha zilizorekebishwa za tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza tairi, na hizo ncha ni muhimu: ukibadilisha pembe ya wishboni peke yake, tairodi inabaki na pembe nyingine, na hapo unapata dalili ya usukani kuvutwa kila tairi likipanda tuta. Ukihisi gari linatafuta njia lenyewe kwenye lami yenye mawimbi, huku alaimenti, yaani kipimo cha pembe za matairi, ikisema ni nzuri, angalia kama tairodi na wishboni vinakwenda sambamba.

Pua ikiwa bado nzito baada ya hapo, stabilaiza ya nyuma ndiyo pesa inayorudi haraka kwenye GD. Ugumu wake unaongezeka kwa unene mara nne kwa wenyewe: kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la asilimia 46. Badilisha na vishikio vyake, kwa maana vya kiwanda huweza kupinda vikipewa fimbo nene. Usianze na milimita 24 kama unaendesha barabara ya mvua.

Matairi yanaliwa ndani

Kila mtu analaumu kemba, yaani tairi kuinamia ndani kwa juu. Kemba ya nyuzi moja na nusu hadi mbili haimalizi tairi kwa haraka kama unavyodhani. Muuaji ni tou: pua za matairi kuangaliana au kuachana. Ukishusha gari, tou inabadilika mbele na nyuma.

Chukua tou ya milimita 3 kwa jumla, imepimwa kwenye rimu ya inchi 17. Kila tairi limepinda milimita 1.5 tu, hata jicho halioni. Lakini kwa kila kilomita moja, tairi hilo linaburuzwa kando mita 3 na nusu. Dar hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Upande mmoja utateleza, upande mwingine utakukwaruza kama msumeno. Huko ndiko kuburuzwa.

Kwenye GD, boliti ya juu ya shokapu ya mbele ina kichwa cha kurekebishia kemba tangu kiwandani. Nyuma, tou inarekebishika lakini kemba haina marekebisho ya kiwanda; ukishuka sana utahitaji boliti maalumu za kemba au vyuma vya pembeni vinavyorefushwa. Omba karatasi ya alaimenti ya kabla na ya baada. Mbele tou iwe sifuri au karibu yake, nyuma iangaliane kidogo sana, kushoto na kulia zilingane. Fanya alaimenti baada ya kilomita 200 hadi 300, springi zikishatulia.

Kipi ununue

Kama gari ni la kila siku na unataka likae vizuri tu: shokapu mpya za nguvu ya kati, springi za kushusha milimita 20, maunti mpya, stopa mpya, bushi za wishboni. Hii ndiyo seti ninayowashauri wengi, na ndiyo wachache wanaitaka kwa sababu haina rangi ya kuonyesha.

Kama una STI yenye shokapu za kugeuzwa zilizo nzima, zifungue, zipake grisi, weka springi za kushusha kidogo.

Kama unakwenda kwenye mashindano ya muda na barabarani pia: koilova yenye mguu wa chini unaozunguka, springi za mbele kilo 5 hadi 6 kwa milimita, boljointi ndefu. Muulize muuzaji maswali mawili kabla ya bei: springi ni kilo ngapi kwa milimita, na shokapu ina nafasi ya milimita ngapi kutoka kimo cha kawaida hadi stopa. Asiyejua majibu anakuuzia rangi. Mpe pia namba ya chesisi: STI za kuanzia 2005 zilihamia habu za 5 kwa 114.3 (boliti tano kwenye duara la milimita 114.3) kutoka 5 kwa 100, na watengenezaji wengi huziorodhesha peke yake.

Koilova za mtumba nazikubali kwa masharti. Ikandamize shokapu ikiwa imesimama wima: iingie na kurudi kwa mwendo mmoja bila sehemu nyepesi katikati. Futa mkono kwa kitambaa cheupe uone mafuta. Zungusha pete kwenye uzi wote, siyo robo tu. Kwa sisi wa pwani, uzi huo ukishafungwa unapakwa grisi na kuoshwa kila baada ya mvua, la sivyo chumvi na tope vitauganda na hutaweza kubadilisha kimo tena bila kuukata.

Siku ya 14 baada ya kufunga, rudia vile vipimo vinne vya habu hadi fenda, mahali pale pale, tangi nusu. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi milimita 5, usikimbilie pete za koilova. Legeza boliti za bushi gari likiwa juu ya matairi yake, lisukume mbele na nyuma, kaza upya, pima tena, ndipo uguse kimo.